Uuguzi wa dola laki moja: Je, jina la chuo linalipa?

Kisiwa cha Manhattan, jijini New York, kina shule kadhaa za uuguzi, na mbili kati ya hizo zinatosha kuonyesha ukubwa wa swali linalowakosesha usingizi vijana wengi. Ya kwanza ni ya Chuo Kikuu cha Columbia, mtaa wa 168, eneo la Washington Heights. Ilifunguliwa mwaka 1892 chini ya Anna Maxwell, na tangu 2017 iko kwenye jengo jipya la ghorofa saba. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, awe alisoma uchumi, historia au biolojia, huingia pale na baada ya miezi 15 hutoka na shahada ya uzamili ya uuguzi. Ukijumlisha ada, bima, pango na chakula, gharama yake hupita dola 100,000.

Ya pili ni Hunter-Bellevue, shule ya uuguzi iliyo chini ya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hilohilo. Nayo ina programu ya haraka kwa wenye shahada za fani nyingine. Ada ya shahada ya kwanza CUNY, kwa mkazi wa New York, ni dola 6,930 kwa mwaka.

Wahitimu wa shule hizi mbili hufanya mtihani uleule wa leseni na huomba kazi katika hospitali zilezile. Wakiajiriwa, beji zinazoning'inia vifuani mwao huwa na herufi zilezile mbili: RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Mgonjwa anayebonyeza kengele saa tisa usiku hajui nani kati yao anadaiwa laki moja.

Swali hili linazigusa familia nyingi za Kenya, Tanzania na majirani zao zilizohamia Marekani. Katika miji kama Lowell, Minneapolis, Baltimore na Dallas, uuguzi ndiyo ngazi ambayo wageni wengi kutoka Afrika Mashariki wamepandia. Mgeni akishafika, wenyeji wake humwelekeza mapema kwenye kozi fupi ya CNA, kazi ya kuwaogesha, kuwageuza na kuwalisha wazee na wagonjwa. Badala ya kubeba boksi ghalani, anaanza kupanda: kutoka CNA kwenda LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, kutoka LPN kwenda RN. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Zamu za usiku za wauguzi zina sehemu yake katika hesabu hiyo.

Siku hizi ngazi imeongezwa vipandio. Mtoto aliyezaliwa au kukulia huko, au dada aliyekwisha kufanya kazi ya RN kwa miaka mitano, anapata barua ya kudahiliwa uzamili katika chuo ambacho jina lake linajulikana hadi kijijini. Kundi la WhatsApp la ukoo linajaa hongera. Kisha inafuata barua ya pili, ile ya fedha, na hapo ndipo uamuzi mgumu unapoanza.

Mtihani mmoja kwa wote

Chumba cha NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN, hakina mbwembwe. Mtahiniwa anaonyesha kitambulisho, anapigwa picha, kisha anaweka kiganja juu ya kifaa kinachosoma mishipa ya damu. Simu na saa vinafungiwa kabatini. Anapewa ubao mdogo wa kuandika na kufuta, anaketi mbele ya kompyuta. Swali linaweza kumweka mbele ya mgonjwa wa kisukari anayetokwa jasho, anayetetemeka mikono na kuanza kuchanganyikiwa: nini kifanyike kwanza? Akijibu sawasawa, kompyuta humpa swali gumu zaidi. Akikosea, humpa jepesi kidogo. Hapati maswali pungufu ya 85 wala zaidi ya 150, na kikomo ni saa tano. Toleo hili la mtihani, linalopima zaidi uamuzi wa muuguzi kuliko kumbukumbu yake, lilianza Aprili 2023.

Aliyesoma miaka miwili katika chuo cha jamii, ambako ada ya CUNY ni dola 4,800 kwa mwaka, anafanya mtihani huo. Aliyesoma miaka minne anafanya huohuo. Mwenye shahada ya uzamili ya Columbia ya miezi 15 anafanya huohuo pia. Hakuna alama za ziada kwa sababu ya jina la chuo, na leseni inayotoka haina daraja la kwanza wala la pili.

Mshahara nao hufuata njia hiyo. Katika hospitali zenye mikataba ya chama cha wafanyakazi, malipo ya RN hupangwa zaidi kwa miaka ya kazi, na shahada ya juu humwongezea mtu posho ndogo tu juu ya mshahara wa ngazi yake. Januari 2023, wauguzi wapatao 7,000 wa hospitali za Mount Sinai na Montefiore mjini New York waligoma kwa siku tatu. Hoja yao kubwa ilikuwa uchache wa wauguzi wodini, na waliporudi kazini walikuwa na nyongeza ya asilimia 19.1 kwa miaka mitatu. Nyongeza hiyo ilikuwa ya wote waliomo kwenye mkataba, walioanzia chuo cha jamii na walioanzia chuo cha kifahari.

Kwa nchi nzima, takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kuwa RN wa kati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu chini yake, alilipwa dola 86,070 kwa mwaka.

Elimu ina uzito wake

Lingekuwa kosa kubwa kuhitimisha hapo kwamba shahada hazina maana. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti uliobadili mjadala wote. Walichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na wagonjwa zaidi ya 232,000 waliofanyiwa upasuaji. Waligundua kwamba kila hospitali ilipoizidi nyingine kwa asilimia 10 ya wauguzi wenye angalau shahada ya kwanza, hatari ya mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ilikuwa chini kwa takriban asilimia 5.

Utafiti huo na mingine iliyoufuata iliwapa nguvu waliotaka wauguzi wasome zaidi. Desemba 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria inayomtaka muuguzi mpya awe amepata shahada ya kwanza ndani ya miaka 10 tangu apewe leseni. Hospitali nyingi kubwa za mijini sasa huajiri wenye shahada kwanza. Kwa hiyo aliyeishia stashahada ya miaka miwili ana sababu nzuri ya kurudi darasani.

Lakini inafaa kuangalia vizuri kilichopimwa. Aiken alihesabu wenye shahada ya kwanza, iwe imetoka chuo cha umma au cha binafsi, cha ada kubwa au ndogo. Hakupima umaarufu wa chuo. Faida aliyoiona kwa wagonjwa inaweza kupatikana kwa ada ya dola elfu chache kwa mwaka, na wauguzi wengi wenye familia na zamu za usiku wameipata kwa njia ya mtandao. Chuo kimoja kinachotumiwa sana kwa njia hiyo ni Western Governors, kilichoanzishwa na magavana wa majimbo mwaka 1997, ambacho hutoza ada moja kwa kila muhula wa miezi sita.

Vyuo vya kifahari navyo vina mchango ambao hauwezi kupuuzwa. Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule yake ya uuguzi mwaka 1923 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, Annie Goodrich akiwa mkuu wake wa kwanza, wakati ambapo mwanafunzi wa uuguzi kwingineko alikuwa zaidi kibarua wa hospitali kuliko mwanafunzi. Mwaka 1974 chuo hicho kilianzisha njia ya miaka mitatu kwa wenye shahada za fani nyingine, mfano ulioigwa na vyuo vingi vya leo.

Leseni gani inatoka mwishoni?

Hapa ndipo pa kusimama. Programu mbili zinaweza kuitwa uzamili wa uuguzi, zikawa na majina makubwa sawa na ada zinazokaribiana, lakini zikamfikisha mtu sehemu mbili tofauti kabisa. Ile ya Columbia ya miezi 15 humfikisha kwenye mtihani wa RN. Ile ya Yale ya miaka mitatu humpitisha RN, kisha humfikisha kwenye leseni ya mkunga au ya NP.

NP ni muuguzi mwenye mamlaka ya kupima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Kazi hiyo ilizaliwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, kwa juhudi za muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver, waliotaka watoto wa vijijini wapate huduma kule ambako daktari hakufika. Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, akiwa ameshuhudia zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yakiwaruhusu NP kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari.

Tofauti ya leseni ni tofauti ya kipato. Kwa takwimu zilezile za Mei 2023, NP wa kati alilipwa dola 126,260. Muuguzi wa dawa za usingizi, anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji na kumlinda hadi aamke, alilipwa dola 212,650.

Sasa tuseme mtu anakopa dola 120,000 kwa riba ya asilimia 8, alipe kwa miaka 10. Marejesho yake ni kama dola 1,456 kila mwezi, karibu shilingi 188,000 za Kenya. Hadi anamaliza atakuwa amelipa takriban dola 174,700.

Akiwa RN wa kipato cha kati, marejesho hayo yanameza moja ya tano ya mshahara wake kabla hata kodi haijakatwa. Na mshahara huohuo angeupata bila deni hilo. Kila mwezi kwa miaka kumi analipia muda aliouokoa na jina lililoko kwenye cheti, wakati kuna kodi ya nyumba, mtoto wa chekechea na wazazi nyumbani wanaotegemea kitu.

Akiwa NP, hesabu inageuka. Pengo kati ya RN na NP ni dola 40,190 kwa mwaka, zaidi ya dola 3,300 kwa mwezi kabla ya kodi. Deni lilelile linaweza kulipwa na sehemu ya nyongeza aliyoipata, na baada ya miaka kumi nyongeza yote inabaki mikononi mwake. Kwa muuguzi wa dawa za usingizi pengo ni kubwa zaidi, dola 126,580 kwa mwaka, ingawa naye hulipia kwa njia nyingine: masomo huchukua angalau miaka mitatu, ni magumu kiasi kwamba kufanya kazi huku ukisoma karibu hakuwezekani, na huwezi kuingia bila angalau mwaka mmoja wa kuhudumia wagonjwa mahututi. Tangu 2022 wanaoanza masomo hayo lazima wasomee shahada ya udaktari.

Ukweli huo unatoa kipimo kilicho wazi. Ada kubwa inaweza kutetewa pale inapofungua mlango wa kazi mpya kisheria. Pale inapomfikisha mtu kwenye mlango uleule ambao chuo cha umma kinaufungua kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, jina pekee halitoshi kubeba deni.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa DNP, shahada ya udaktari wa vitendo katika uuguzi. Mwaka 2004 jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, ilipendekeza kwamba kufikia 2015 NP wote waandaliwe kwa shahada hiyo. Mwaka 2015 ulipita, na hadi leo uzamili unatosha kupata leseni ya NP. Anayetaka kuongoza hospitali au kufundisha anaweza kuihitaji. Anayetaka kutibu shinikizo la damu na pumu katika kliniki ya mtaa wake hahitaji kuongeza mwaka mwingine wa deni.

Kile ambacho ada kubwa hununua kweli

Wanaotetea vyuo vikubwa wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote haionekani kwenye vipeperushi. Inahusu mafunzo kwa vitendo.

Viwango vya taifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka mwanafunzi wa NP afanye angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Saa hizo lazima zipatikane kwa daktari au NP aliye tayari kumwacha mwanafunzi ampime mgonjwa wake, amsahihishe, na achelewe kurudi nyumbani kwa sababu yake. Vyuo vyenye hospitali zao au mikataba ya miaka mingi humpangia mwanafunzi nafasi hizo. Baadhi ya programu za bei nafuu, hasa za mtandaoni, humwambia ajitafutie mwenyewe. Kuna wanafunzi wanaotuma maombi kliniki baada ya kliniki, wengine hulipa watu wa kati, na wapo wanaochelewa kuhitimu kwa kukosa nafasi. Mhamiaji asiye na ndugu daktari wala rafiki mwenye kliniki huumia zaidi hapo. Ada iliyoonekana ndogo mwezi wa kwanza inaweza kupanda kimyakimya.

Jambo la pili ni utafiti na uongozi. Anayetaka kuandika sera, kuongoza hospitali kubwa au kufundisha chuo kikuu hunufaika na walimu waliobobea na wenzake aliosoma nao. Katika njia hiyo jina husaidia kufungua milango. Lakini aliyeamua kwa dhati kuwa mtafiti ana habari njema ambayo wengi hawajaisikia: vyuo vikubwa vingi, Pennsylvania kikiwemo, huwalipia wanafunzi wa PhD ya uuguzi ada pamoja na posho ya kujikimu. Kilele cha ngazi ndicho mara nyingi hakina ada.

Na kuna hatari ya upande wa pili, ya kukimbilia bei rahisi au njia ya mkato. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani waliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti na rekodi bandia za masomo kwa zaidi ya watu 7,600 kupitia shule tatu za uuguzi za Florida. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola. Takriban 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa leseni, kisha mabodi ya uuguzi ya majimbo yakaanza kuwasaka na kuwavua leseni. Ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua programu za uuguzi, ndiyo jambo la kwanza la kukagua kabla ya ada na kabla ya jina.

Fedha za watu wengine

Bei iliyotangazwa si lazima iwe bei ya kila mtu. Februari 2022 tajiri Leonard Lauder alikipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola milioni 125 ili wanafunzi wa NP walio tayari kuhudumia jamii zisizo na huduma za kutosha wasome bila kulipa ada. Wanachoahidi ni miaka miwili ya kazi katika jamii hizo baada ya kuhitimu. Julai 2024 tajiri Michael Bloomberg alitangaza dola bilioni moja kwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Sehemu kubwa ilielekezwa kuwafutia ada wanafunzi wengi wa udaktari wa tiba, na shule ya uuguzi nayo iliongezewa fungu la misaada.

Serikali pia ina mifuko yake. Mpango wa Nurse Corps hulipa hadi asilimia 60 ya deni la masomo ya uuguzi kwa anayefanya kazi miaka miwili mahali penye uhaba, na asilimia 25 nyingine akiongeza mwaka wa tatu. Mpango wa PSLF, ulioanzishwa mwaka 2007, hufuta salio la mkopo wa serikali baada ya marejesho 120 kwa anayefanya kazi serikalini au katika taasisi isiyo ya kibiashara. Hospitali nyingi za Marekani zimo humo, ila zile za kampuni za kibiashara kama HCA hazihesabiwi. Mwajiri naye anaweza kumchangia mfanyakazi hadi dola 5,250 za masomo kwa mwaka bila fedha hizo kukatwa kodi.

Shida ni kwamba barua za fedha za vyuo hazisomeki kwa urahisi. Desemba 2022 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilieleza kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havikuonyesha gharama halisi ambayo mwanafunzi ataitoa ama viliionyesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Ufadhili usiorudishwa na mkopo unaorudishwa kwa riba huandikwa mstari mmoja chini ya mwingine, vyote chini ya kichwa cha msaada, na jumla yake humfurahisha msomaji asiyezoea. Kalamu nyekundu ikipita juu ya kila mkopo, kinachobaki ndicho msaada.

Sheria iliyobadili hesabu

Kwa karibu miaka 20, mwanafunzi wa uzamili aliweza kukopa serikalini kupitia Grad PLUS hadi gharama yote ya masomo na maisha. Mlango huo ulivifaa vyuo vya ada kubwa, na riba yake haikuwa ndogo: asilimia 8.94 kwa mwaka wa masomo 2025/26.

Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaufunga kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Chini yake, mwanafunzi wa kawaida wa uzamili anaweza kukopa dola 20,500 kwa mwaka na jumla ya 100,000. Wanaosomea zile zinazoitwa shahada za kitaaluma wana kikomo cha 50,000 kwa mwaka na jumla ya 200,000. Novemba 2025 kamati iliyoitishwa na Wizara ya Elimu ilikubaliana juu ya orodha ya shahada hizo: udaktari, tiba ya meno, sheria, famasia, tiba ya mifugo, hata theolojia. Uuguzi haukuwemo. Vyama vya wauguzi na vyuo vyao vilipinga vikali, vikisema hatua hiyo inawazuia wauguzi kupanda wakati nchi inawahitaji.

Malalamiko yao ni ya haki. Taaluma inayoandika dawa na kuzalisha akina mama haipaswi kuwekwa chini ya theolojia katika kupimiwa mkopo. Pamoja na hayo, anayepanga masomo leo lazima apange kwa sheria iliyopo. Dola 20,500 kwa mwaka zinaweza kutosha chuo cha umma. Katika chuo cha kifahari hazifiki mbali. Anayejaza pengo kwa mkopo wa benki binafsi hutakiwa mara nyingi kuwa na mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo Marekani, kitu ambacho familia nyingi za wahamiaji hazina, na mikopo hiyo haifutwi na PSLF.

Kwa walioko nyumbani

Muuguzi aliyeko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anayeota uzamili wa Marekani ana hesabu nyingine tena. Mwenye viza ya mwanafunzi hana haki ya mkopo wa serikali ya Marekani. Mwenye green card anayo. Kwa wa kwanza, chuo cha dola laki moja kinamaanisha fedha taslimu, ufadhili kamili au mdhamini, na deni la dola likishachukuliwa halilipiki kwa mshahara wa shilingi.

Kama lengo lake ni kwenda kufanya kazi, uzamili si njia yake. Njia ya wengi imekuwa kuhakikiwa vyeti na shirika la CGFNS, ambalo tangu 2025 linaitwa TruMerit, kufaulu NCLEX, na kuingia kwa viza ya mfanyakazi. Shahada za juu zinaweza kufuata baadaye, mwajiri akichangia. Na kama lengo lake ni kuwa mwalimu, mtafiti au kiongozi wa uuguzi hapahapa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi na MUHAS vinafundisha uuguzi wa ngazi ya uzamili, na Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwasomesha wauguzi wa Kenya, Tanzania na Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao wakiendelea na kazi.

Kabla ya kusaini

Kuna maswali ambayo ofisi ya udahili inapaswa kuyajibu kwa maandishi. Nikimaliza nitafanya mtihani wa leseni gani? Asilimia ngapi ya wahitimu wenu walifaulu kwa mara ya kwanza mwaka jana? Nani atanitafutia nafasi za mafunzo kwa vitendo, na nikikosa itakuwaje? Jumla ya gharama hadi siku ya mwisho ni kiasi gani, na kati yake msaada usiorudishwa ni kiasi gani? Mabodi mengi ya majimbo hutangaza ufaulu wa NCLEX kwa kila shule, na programu za dawa za usingizi zinalazimika kutangaza ufaulu wao pamoja na idadi ya wanaoacha masomo. Inawezekana pia kuomba kuongezewa ufadhili baada ya kudahiliwa, hasa ukiwa na barua ya chuo kingine mkononi.

Dada aliyedahiliwa Yale kusomea ukunga, mwenye green card, ambaye nusu ya ada yake imelipwa na ufadhili, na anayekusudia kuhudumu kwa miaka kumi katika hospitali isiyo ya kibiashara, ana kila sababu ya kukubali. Kijana aliyepata nafasi katika programu ya miezi 15 itakayomfikisha kwenye RN kwa mkopo mtupu, huku mkononi ana barua ya CUNY au ya chuo cha umma cha jimbo lake, anaweza kuichukua nafasi ya umma mwaka huu. Atafanya NCLEX ileile. Baada ya miaka miwili katika wodi ya wagonjwa mahututi ataweza kuomba tena Columbia au Pennsylvania, mara hii kwa programu ya NP au ya dawa za usingizi, akiwa na akiba, mwajiri wa kumchangia, na uzoefu wa wodini ambao kamati za udahili huutafuta.